Ukiletewa "muhuri wa Wagnostiki": jinsi ya kuukagua na kuusoma mwenyewe

Picha yenyewe mshaiona. Kibati cha shaba au pete imechakaa, katikati mtu mwenye kichwa cha jogoo na miguu miwili ambayo ni nyoka, mkono huu mjeledi mkono huu ngao, pembeni herufi hazisomeki, na chini mtu kaandika muhuri wa kale wa Wagnostiki una miaka 2000 unafungua milango ya riziki, afu bei. Bei haikosekani. (Wagnostiki ni yale makundi ya karne za kwanza za Ukristo yaliyoamini kwamba mtu anaokolewa kwa elimu ya siri.) Sasa badala ya kubishana kama una nguvu au hauna, mi naona kuna swali la mbele yake ambalo watu wanaliruka: hiki kitu ni nini hasa, kimetengenezwa lini na aliyekuwa nacho alikifanyia nini. Hilo unaweza kulijibu mwenyewe kwa sehemu kubwa, hata kwa picha tu ikiwa picha ni safi.

Vifaa sio vya gharama. Tochi ya simu, lenzi ya kukuzia kama ile ya masonara, rula yenye milimita, sumaku ndogo, kioo cha kawaida cha kujitazamia na jedwali la herufi za Kigiriki umelipakua intaneti. Kama kitu chenyewe kiko mezani vaa glavu, hasa kama ni risasi, maana risasi ni sumu na ule unga wake mweupe usiuchezee kabisa.

Usikibonyeze kwenye udongo

Naanza na hili kwa sababu ndo kitu cha kwanza mtu anataka kufanya akisikia neno muhuri, anachukua plastisini au nta ya mshumaa anabonyeza aone chapa inatokaje. Acha. Metali ya kale ndani inaweza kuwa imeliwa na kutu ikabaki ganda tu, ukibonyeza unaondoka na herufi. Na usiisugue na ndimu, wala majivu, wala dawa ya kung'arishia shaba, hayo yote yanaondoa lile tabaka la juu ambalo ndo lenye ushahidi, na ukishalitoa hakuna wa kulirudisha.

Chapa unaipata kwa mwanga. Zima taa, weka kitu kimelala, shika tochi chini kabisa pembeni mwanga upite juu yake kama jua la saa kumi na mbili jioni, piga picha, afu zungusha tochi robo piga tena, robo tena, mpaka umemaliza duara. Michoro ambayo kwa macho ya kawaida huioni itajitokeza yenyewe. Piga mbele, nyuma na ukingo, na rula iwe kwenye picha. Tumia kamera ya nyuma ya simu, sio ile ya selfi, maana ya selfi kwenye simu nyingi inageuza kushoto kuwa kulia na hapo utajichanganya kwenye hatua inayofuata, ambayo ndo hatua kubwa kuliko zote.

Herufi zinaelekea wapi?

Muhuri wa kweli, ule wa kugonga kwenye nta au udongo, unachongwa kinyume ili chapa itoke sawa. Angalia muhuri wa ofisi yoyote ya kata, maandishi kwenye mpira wenyewe yamegeuka. Kwa hiyo chukua picha yako iweke mbele ya kioo. Kama herufi zinasomeka vizuri kwenye kioo na sio kwenye kitu chenyewe, una muhuri. Kama zinasomeka vizuri moja kwa moja juu ya kitu, basi hakikutengenezwa kwa ajili ya kugonga popote, mwenyewe alikivaa, yani ni hirizi.

Na vitu hivi vinavyoitwa mihuri ya Wagnostiki vingi sana vinasomeka moja kwa moja. Nusu ya jina lake imeshaanguka hapo.

Angalizo dogo ila linasaidia: usitumie neno ΙΑΩ (jina la Mungu, tutalifikia) kupima, ingawa ndo neno litakalokuwa limejaa huko, kwa sababu I, A na Ω ukizigeuza umbo lake ni lilelile, utakachoona kimebadilika ni mpangilio tu. Tafuta herufi zenye mgongo na tumbo kama B, P (ambayo kwa Kigiriki inasomwa R) au E. Na ujue S yao ya zama hizo mara nyingi inaandikwa kama C, na omega kubwa inaandikwa kama w yetu ndogo, watu wengi wanakwama hapo wanadhani ni alfabeti ya siri.

Ila kuna vilivyokuja kuwa mihuri baadae kabisa. Ulaya ya zama za kati walikuwa wanaokota vito vya kale wanavipachika kwenye pete mpya bila kujua ni nini. Kuna hati ya Ufaransa ya mwaka 1214 ya wale Templari, watawa wapiganaji wa vita vya msalaba, lakiri yake imeandikwa Secretum Templi na katikati yupo huyohuyo jogoo mwenye miguu ya nyoka. Uingereza nako askofu Seffrid wa Chichester, karne ya 12, alizikwa na pete ya dhahabu yenye kito cha huyo jogoo. Askofu kabisa. Wapenda nadharia za njama wakiona hati ya Templari wanashangilia, ila maelezo mepesi ni kwamba kito kilikuwa kizuri, kigumu na cha zamani, na kwa wakati ule kupachika kito cha kale kwenye muhuri lilikuwa jambo la kawaida.

Ni metali kweli?

Shika sumaku iguse kidogo. Bronzi, shaba, fedha, dhahabu na risasi havishiki. Kama "bronzi" yako imenasa, ni chuma kimepakwa rangi, mrudishie mwenyewe. Chuma halisi cha kale kinaweza kuwa kimegeuka kutu chote hata sumaku isikitake, hapo usikate shauri kwa sumaku peke yake. Alumini na chuma kisichoshika kutu ni vitu vya juzi, hakuna mjadala.

Afu kuna mtego wa jiwe. Hematiti ni jiwe la madini ya chuma, rangi ya kijivu nyeusi, linang'aa kama metali na ni zito mkononi, na ndo mojawapo ya mawe yaliyopendwa sana na wachongaji wa hizi hirizi, kwa hiyo kitu ambacho muuzaji anakiita muhuri wa chuma kinaweza kuwa hematiti na yeye mwenyewe hajui. Zile bangili za "hematiti ya sumaku" zinazouzwa madukani zimetengenezwa kiwandani, zinanasa sumaku kwa nguvu, hematiti ya asili hainasi hivyo.

Kwa lenzi tafuta hivi. Vidoti vidogo vya mashimo ya hewa juu ya uso mzima na mstari wa kuungana ukingoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, na kama herufi zake zimelainika kingo zote sawasawa ujue ni nakala ya nakala. Vibati vya bronzi vya Shamu (Syria) vya karne ya 5 mpaka ya 7 herufi zake zimekwaruzwa kwa ncha kali, mkwaruzo unaanza mpana unaishia mwembamba, mkono wa mtu unaonekana, tena mara nyingi mkono wa haraka haraka. Kutu ya kijani ya kweli imezama mpaka ndani ya mikwaruzo na imeshikana na metali, ile ya kupaka inakaa juu juu na ukisugua kidogo na pamba yenye maji inatoka na rangi.

Ukiona unga wa kijani mpauko, laini, unadondoka na unarudi kila ukifuta, huo ni ugonjwa wa bronzi, chumvi ya klorini inakula metali ikipata unyevu. Kwa watu wa Mombasa, Tanga au Unguja hii ni hatari ya kila siku. Kitu kikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Cha risasi usikiweke kwenye droo ya mbao wala boksi la karatasi ngumu, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao unaigeuza risasi kuwa unga mweupe taratibu.

Nani amechorwa pale

Hapa ndo pana utamu, na ndo pa kukaa muda.

Jogoo mwenye miguu ya nyoka: kavaa dirii ya askari wa Kirumi, mkono wa kulia mjeledi, wa kushoto ngao, na kwenye ngao mara nyingi limeandikwa ΙΑΩ, ambalo ni jina la Mungu wa Wayahudi lilivyotamkwa na kuandikwa kwa Kigiriki. Kila mtu anamwita Abraxas. Ila hilo jina limebandikwa na wasomi wa Ulaya baadae, hakuna maandishi ya kale yanayosema huyu mwenye kichwa cha jogoo ndo Abrasax. Jina Abrasax linatokea kwenye hirizi nyingi zenye picha tofauti kabisa, na kwenye vito limezoeleka kuandikwa hivyo, Abrasax, S ikitangulia X. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya mnada yanasema "mungu Abraxas" bila wasiwasi wowote, ujue aliyeandika kanakili kwa mwenzake.

Nyoka mnene mwenye kichwa cha simba na miale kichwani: huyu ni Chnoubis, miale yake saba au kumi na mbili, na wakati mwingine kila mwale una irabu yake. Geuza nyuma utafute alama ya S tatu zimekatwa na mstari mmoja katikati, ukiikuta umemaliza kazi. Huyu alikuwa ni wa tumbo. Galen, yule tabibu mkubwa wa karne ya 2, anataja watu wanaochora nyoka mwenye miale kwenye jiwe la jaspa ya kijani kama mfalme Nechepsos wa Misri alivyoelekeza, wanaivaa ifike usawa wa tumbo. Galen akajaribu mwenyewe, akatengeneza mkufu wa mawe hayohayo bila mchoro wowote, akasema umefanya kazi vilevile. Yani karne ya 2 mtu tayari anafanya jaribio la kutenganisha dawa na mchoro, mi nampenda sana huyu mzee kwa hilo. Na Chnoubis hakufia kwenye mawe, anatokea tena kwenye bangili za fedha za karne ya 6 na 7, za Wakristo, pembeni ya Zaburi ya 90 (kwa hesabu za Biblia zetu nyingi ni ya 91) na picha za maisha ya Yesu.

Mtoto amekaa juu ya ua la yungiyungi, kidole mdomoni: Harpokrate, yani mungu Horus wa Misri akiwa mtoto. Papiri moja ya uchawi ya Kigiriki inasema chukua pete ya chuma iliyochorwa Harpokrate juu ya yungiyungi, na jina lake ni Abrasax. Pete ya chuma imetajwa kabisa. Kwa hiyo ukikutana na chuma kilicholiwa na kutu chenye mtoto juu ya ua, usikitupe, hicho ni cha thamani kuliko jogoo wa kung'aa wa kwenye tangazo.

Mpanda farasi anamchoma mkuki mwanamke aliyelala chini: tulia hapo. Kwenye vito vya hematiti anaandikwa Solomon (Sulemani), na nyuma yake maneno ya Kigiriki yanayosema "muhuri wa Mungu". Kwenye vibati vya bronzi vya Shamu na Palestina anageuka kuwa mtakatifu, na maandishi yanayomzunguka mara nyingi ni "Mungu mmoja anayeshinda maovu", mengine yanamfukuza yule pepo wa kike, kimbia ewe uliyechukiwa, Sulemani anakufukuza. Huyo mwanamke ndo alikuwa anaaminika kuua watoto wachanga na kuwasumbua wajawazito, na vibati hivi inaelekea vilivaliwa na akina mama kuliko wachawi. Mpanda farasi huyu amefika mpaka kwetu jirani, kwenye magombo ya ngozi ya Ethiopia yupo kwa jina la Susenyos, anamchoma Werzelya.

Hapa msomaji wa pwani ataunganisha mwenyewe. Habari za Nabii Suleiman, pete yake na majini sio ngeni kwetu. Upande wa Warumi, Yosefo mwanahistoria wa karne ya 1 anasimulia jinsi Myahudi mmoja aitwaye Eleazari alivyotoa pepo mbele ya jemadari wa Kirumi Vespasian na maaskari wake, akamsogezea mgonjwa puani pete ambayo chini ya muhuri wake kulikuwa na mzizi alioelekeza Sulemani, na kumthibitishia kila mtu kwamba pepo ametoka akamwamuru aangushe chombo cha maji kilichowekwa pembeni.

Jicho linashambuliwa: katikati jicho, juu yake mkuki wa ncha tatu, kuzunguka kote simba, nyoka, nge, ndege, wote wanalirukia. Hilo ni husda, na liko upande wa pili wa vile vibati vya mpanda farasi. Halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia pwani.

Kitu kama chupa iliyopinduliwa, chini yake ufunguo wenye meno, nyoka anayeuma mkia kazunguka vyote: mfuko wa uzazi. Ufunguo ni wa kufunga na kufungua, damu isitoke wakati si wake na mtoto atoke wakati wake, na ndo maana mingi imechongwa kwenye hematiti iliyoaminika kutuliza damu. Baadae, Bizanti (dola ya Warumi wa mashariki) ya karne ya 10 na kuendelea, mfuko wa uzazi unakuwa sura ya mtu imezungukwa na nyoka, kwenye bronzi, fedha na risasi, na maandishi yanausemesha mfuko wenyewe, yanauita mweusi. Wauzaji wanapenda kuita hiyo Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka.

Zile herufi sasa

Usianze kutafuta lugha. Maneno mengi pale hayana tafsiri na hayakukusudiwa kuwa nayo, ni majina ya kutamkwa. Unachofanya ni kutambua yaliyozoeleka. ΙΑΩ, Sabaoth na Adonai yametoka kwa Wayahudi. Ablanathanalba linasomeka sawa mbele na nyuma, ila kwa Kigiriki tu ambako th ni herufi moja, ukilikuta limeandikwa kwa herufi zetu hizi za Kilatini kwenye kitu "cha miaka 2000" cheka uende. Ukikuta irabu saba zimepangwa ΑΕΗΙΟΥΩ ni zile sayari saba walizozihesabu wao pamoja na jua na mwezi.

Abrasax ni hesabu. Wanaojua abjadi wataelewa mara moja, ile ile ya Bismillahi kuwa 786, Wagiriki nao kila herufi ina namba yake. A 1, B 2, R 100, A 1, S 200, A 1, X 60, jumlisha unapata 365, siku za mwaka. Na sio jina pekee, mto Nile kwa Kigiriki, Neilos, nao ukiupigia hesabu ni 365, na watu wa kale walishalijua hilo.

Herufi ambazo sio herufi, mistari yenye viduara kwenye ncha, hizo ni alama za kichawi za zama hizohizo, ziache kama zilivyo, zichore kwenye daftari. Kutosomeka sio dalili ya ufeki. Dalili ya ufeki ni Kigiriki kilichonyooka mno kama cha kitabu, chenye vile vialama vya lafudhi juu ya irabu, maana wachongaji wa kale hawakuviweka.

Vya kutupa nje mapema

Duara ndani ya duara, nyota ya ncha sita, Kiebrania cha kubabaisha na Kilatini pembeni: hiyo imetoka kwenye vitabu vya uchawi vya Ulaya vya karne ya 15 mpaka ya 17 vilivyojipachika jina la Sulemani. Kichwa cha mbuzi ndani ya nyota ya ncha tano: Ufaransa, 1897. Bikari na pembe mraba: mafreemason, ambao lodji yao kuu ya kwanza ilianzishwa London 1717. Hivyo vyote vinauzwa huku kwetu kama pete za utajiri, na havina uhusiano wowote na Wagnostiki wa Misri ya kale, wala utajiri sijauona.

Na ufeki sio wa leo wala sio wa Kariakoo peke yake. Kulikuwa na kito cha hematiti kwenye makumbusho ya Berlin, mtu kasulubiwa, juu yake mwezi na nyota saba, kimeandikwa Orpheos Bakkikos, vitabu vikakitumia kuthibitisha kwamba habari ya Yesu ilinakiliwa kwa Orpheus, yule mwimbaji wa hadithi za Kigiriki. Wasomi wa miaka ya 1920 walishakitilia shaka, leo kinahesabiwa na wengi kuwa cha kughushi, na chenyewe kilipotea vita vya pili vya dunia. Kwenye intaneti bado kinaishi vizuri tu.

Haya, ni vya Wagnostiki au sio?

Hili jina limetoka wapi. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliandika kama mwaka 180 akiwashambulia wafuasi wa Basilides wa Aleksandria, akasema wana mbingu 365 na mkuu wao ni Abrasax. Karne ya 17 wasomi wa Ulaya wakakutana na vito vyenye neno hilohilo, wakaunganisha, wakaviita vyote vya Kignostiki, jina likaganda. Mwaka 1950 Campbell Bonner wa Michigan alipanga mamia ya hivi vitu akaonyesha kwamba vingi ni hirizi za watu wa kawaida wa dola ya Kirumi, Wamisri, Wagiriki, Wayahudi, wapagani, hirizi za tumbo, za mgongo, za uzazi, za mapenzi, bila mafundisho yoyote ya Kignostiki ndani yake. Na ukisoma maandiko ya Wagnostiki wenyewe, vile vitabu 13 vya Kikopti vilivyochimbuliwa Nag Hammadi mwaka 1945, huyo jogoo humkuti.

Vipo vichache sana vya kweli. Kuna kito chenye mtu wa kichwa cha simba, jina lake Ialdabaoth, na upande wa pili yameorodheshwa majina ya watawala wa mbingu yaleyale ambayo Origen, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, anayataja kwamba ni ya Waofiti, kundi mojawapo la Kignostiki. Hicho ukikiita cha Wagnostiki hakuna atakayekubishia.

Ila kama unataka muhuri wa chuma ambao kweli ni muhuri, kweli ni chuma na kweli ni wa watu wa mapokeo ya Kignostiki, usiende kwa Abrasax. Nenda kwa Wamandai. Hawa ni watu wa kusini mwa Iraq na Khuzestan ya Iran, wanabatizana kwenye maji yanayotembea, wanamheshimu sana Yahya (Yohana Mbatizaji), na wenyewe wanajitambulisha kuwa ndo Wasabai waliotajwa kwenye Qur'an. Bado wapo, ingawa baada ya 2003 wengi wamekimbilia Sweden, Australia na kwingine. Wana kitu kinaitwa skandola, pete ya chuma ya kugongea muhuri, inafungwa kwa mnyororo na kisu cha chuma kisicho na mpini. Usoni pana simba, nge, nyigu, na nyoka amewazungushia wote duara. Wanaugonga kwenye kitovu cha mtoto mchanga, na wanaugonga kwenye udongo wa kaburi. E. S. Drower aliyeishi Iraq aliueleza kwa kirefu miaka ya 1930. Hauna Kigiriki, hauna jogoo, hauna Abrasax, na hakuna anayeutangaza kwenye grupu la WhatsApp. Ukiona simba na nge wamezungukwa na nyoka juu ya chuma, usiandike "pepo la Wagnostiki", andika Wamandai, na fikiria kwamba hicho ni chombo cha ibada cha jamii iliyo hai, huenda kimetoka kwa familia iliyohama kwa shida.

Usichanganye na zile boksi za sigara na pete za fedha zenye michoro myeusi ya ngamia, mitende na mashua, ambazo zipo Ghuba. Hizo nazo ni kazi ya mafundi fedha wa Kimandai, ila ni bidhaa za karne ya 20 za kuuza kwa wageni.

Ukishamaliza

Andika karatasi moja: ukubwa kwa milimita, uzito, metali, herufi zinaelekea wapi, kimechorwa nini mbele na nyuma, kimetoka kwa nani na tangu lini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, kitu kisicho na historia ya mikononi mwa watu hata kikiwa halisi ni matatizo. Linganisha na hifadhidata ya vito vya uchawi yenye jina la Campbell Bonner, inaendeshwa na Makumbusho ya Sanaa ya Budapest, ni bure, unaweza kutafuta kwa picha au kwa neno, na hapo utagundua haraka sana kama chako kina ndugu au kimezaliwa peke yake.

Kununua, mi nisingekushauri. Hivi vitu vinatoka Misri, Syria, Iraq, Palestina, na biashara ya mali za kale za Iraq imepigwa marufuku na Baraza la Usalama tangu 2003, ya Syria tangu 2015, juu ya mkataba wa UNESCO wa 1970. Kimeokotwa hapa nyumbani? Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya kuna ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006, peleka taarifa makumbusho na picha zako zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni, na waambie kilikaa wapi ardhini na kulikuwa na nini jirani yake. Usikioshe kabla hujaenda.